Chombo Kipya, Mkuku wa Kale: Nasaba ya Unix Ndani ya Mac

ABIRIA anayepanda jahazi huangalia tanga, rangi na nakshi za ubavuni. Fundi yeye huinama akatazama mkuku. Anajua kwamba rangi hupakwa upya kila mwaka, na tanga likichakaa hushonwa jingine, lakini mkuku ukiwa umeoza hapana rangi itakayokiokoa chombo siku ya dhoruba.

Ndivyo mambo yalivyo katika kompyuta. Mtu anapofungua kompyuta ya Mac, ile inayotengenezwa na kampuni ya Apple ya California, kule Marekani, jambo la kwanza analoliona ni uzuri wa uso wake: picha zing'aazo, madirisha yenye pembe za mviringo, na kila kitu kikiteleza kwa ulaini. Wengi hudhani kwamba yote hayo yalibuniwa jana. Hawajui kwamba chini ya urembo huo mna mkuku uliochongwa tangu mwaka 1969, zama ambazo kompyuta zilikuwa makabati makubwa ya kujaza chumba. Mkuku huo jina lake ni Unix.

Katika makala haya, msomaji mpenzi, tutaifuata nasaba hiyo kizazi baada ya kizazi: kutoka kwa mafundi wa kampuni ya simu huko New Jersey, ikapitia vyuo vikuu, ikafika mahakamani, ikaingia katika kampuni iliyokuwa karibu kuzama, mpaka ikatua juu ya meza za watu na ndani ya mifuko yao. Njiani tutaona pia kwa nini nasaba hii haikukatika, hali nyingi za wakati wake zimekatika na kusahauliwa.

Manahodha wengi

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Kompyuta bila ya mfumo endeshi ni chuma kitupu. Mfumo endeshi ndiyo programu kuu inayotawala nyingine zote. Ndiyo inayoamua ni programu gani itumie ubongo wa kompyuta sasa hivi na ipi ingoje zamu yake; ndiyo inayogawa nafasi ya kumbukumbu, inayotunza mafaili kwenye diski, na inayozuia programu moja isivamie mali ya mwenziwe.

Wazee wetu walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika kompyuta, kila programu inatamani kuwa nahodha. Mfumo endeshi ulio imara huziweka zote mahali pake. Ulio dhaifu huziachia, na siku moja programu ikianguka, huanguka na chombo kizima. Tulikumbuke jambo hili, kwani ndilo lililokuja kuisumbua Apple miaka mingi baadaye.

Mzawa wa kushindwa

Unix ilizaliwa kutokana na kazi iliyoshindikana. Katika miaka ya 1960, chuo cha MIT, kampuni ya General Electric, na Bell Labs, ambayo ilikuwa maabara ya utafiti ya kampuni kubwa ya simu ya AT&T, zilishirikiana kutengeneza mfumo mkubwa ulioitwa Multics. Shabaha yake ilikuwa watu wengi waweze kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mradi ulikuwa mkubwa, ukachelewa, ukala fedha nyingi. Mwaka 1969 Bell Labs ikajitoa.

Miongoni mwa waliobaki mikono mitupu walikuwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, mafundi wa Bell Labs katika mji wa Murray Hill. Walikuwa wameionja ladha ya mfumo ambao watu wanaweza kukaa pamoja ndani yake na kufanya kazi kama jamaa moja, na sasa umewaponyoka. Waliomba wanunuliwe kompyuta nyingine, wakubwa wakakataa. Thompson akaiona PDP-7, kompyuta kuukuu ambayo haikuwa na watumiaji wengi. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo hata isingeweza kubeba picha moja inayopigwa kwa simu ya leo.

Katika kiangazi cha mwaka huo, mkewe Thompson alisafiri na mtoto wao mchanga kwenda California kuwaona jamaa, akakaa huko kiasi cha wiki tatu. Thompson akazigawa wiki hizo kwa kazi zilizokuwa zimebakia, kila kazi wiki yake. Mke aliporudi, mfumo endeshi mpya ulikuwa umeshaanza kupumua.

Hata jina lake lilikuwa la mzaha. Multics lilitokana na neno lenye maana ya wingi. Huu mdogo ukapewa jina la umoja, Unics, na baadaye likaandikwa Unix. Aliyetoa wazo hilo alikuwa mwenzao, Brian Kernighan.

Amri za herufi mbili

Ufukara wa vyombo ndio uliowafunza adabu. Kwa kuwa kumbukumbu ilikuwa chache, kila programu ilibidi iwe ndogo. Na kwa kuwa waliandika kwa teletaipu, mashine nzito iliyogonga herufi kama kumi tu kwa sekunde moja, kila amri ilibidi iwe fupi. Ndiyo maana anayetaka kuona orodha ya mafaili huandika «ls», anayetaka kunakili huandika «cp», na anayetaka kuhamisha huandika «mv». Hizo ni amri za watu waliochoka vidole.

Thompson aliwahi kuulizwa ni jambo gani angelibadilisha lau angeitengeneza Unix upya. Akajibu kwa mzaha kwamba ile amri ya ndani iitwayo «creat» angeiandika kwa kuiongeza herufi «e» mwishoni, kama Kiingereza kinavyotaka. Herufi hiyo haijaongezwa mpaka leo. Anayechimba ndani ya Mac mpya ataikuta «creat» iko vile vile, na kilema chake cha kuzaliwa.

Mwaka 1970 walipata kompyuta nyingine, PDP-11, kwa kuahidi kwamba wataitumia kutengeneza chombo cha kuandikia nyaraka. Wakatimiza ahadi. Watu wa mwanzo kuitumia Unix kwa kazi ya kila siku nje ya kikundi chao walikuwa wapiga chapa wa idara ya hataza ya Bell Labs, mwaka 1971. Tujue basi kwamba mfumo huu, ambao wengi huuogopa na kusema ni wa mabingwa peke yao, uliingia kazini kwa mikono ya makarani.

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili makubwa. La kwanza, Unix iliandikwa upya kwa C, lugha ya programu aliyoibuni Ritchie. Kabla ya hapo mifumo endeshi iliandikwa, aghalabu, kwa lugha ya mashine moja maalumu, na mashine ikifa, mfumo nao hufa. Kwa lugha ya C, Unix iliweza kuhama kutoka mashine hii hadi ile, kama familia inayohama nyumba na vyombo vyake. Bila ya hatua hiyo tusingekuwa na cha kuzungumza leo.

La pili lilikuwa paipu. Mwenzao mmoja, Doug McIlroy, tangu mwaka 1964 alikuwa akishikilia kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, inayotoka huku iingie kule. Thompson akaitengeneza kwa usiku mmoja. Msomaji na awawaze vibarua wa ujenzi wanavyopokezana makarai ya zege. Hakuna kibarua anayebeba karai kutoka chini hadi darini peke yake. Kila mmoja hupokea, akageuka, akampa wa pili. Basi mwenye orodha ndefu ya wateja wa duka anaweza kuipitisha kwenye programu ya kupanga majina, nayo ikaipitisha kwenye programu ya kuondoa yaliyojirudia, nayo ikaipitisha kwenye programu ya kuhesabu. Programu tatu ndogo, kila moja inajua kazi moja, zikafanya kazi ambayo hapo awali ingehitaji programu kubwa.

Matini na sharhe

Sasa tuje kwenye siri ya kudumu kwake. Kutokana na mapatano ya kisheria ya mwaka 1956, AT&T, ambayo ilikuwa imehodhi biashara ya simu, ilizuiwa kuingia katika biashara nyingine. Haikuweza kuiuza Unix kama bidhaa ya kawaida. Vyuo vikuu vilipoiomba, vilipewa kwa malipo madogo, pamoja na maandishi yake yote ya asili. Hapakuwa na dhamana wala fundi wa kuita panapoharibika. Aliyekwama alimwuliza mwenziwe wa chuo kingine. Kwa hivyo watumiaji wa Unix wakawa jamaa, na kila mmoja akawa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja.

Huko Sydney, Australia, mwalimu John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales aliwafundisha wanafunzi wake kwa njia ambayo sisi wa mwambao tunaifahamu vyema. Katika miaka ya 1976 na 1977 alitayarisha vitabu viwili. Kimoja kilikuwa matini: mistari kiasi cha 9,000 ya kiini cha Unix, Toleo la Sita. Cha pili kilikuwa sharhe, akieleza mstari baada ya mstari maana yake na sababu ya kuandikwa hivyo. Toleo la Saba lilipotoka mwaka 1979, leseni mpya ya AT&T ilikataza maandishi hayo yasisomeshwe madarasani. Matokeo yake yalikuwa kinyume na yaliyokusudiwa. Vitabu vya Lions vikapigwa nakala, na nakala zikapigwa nakala, mpaka herufi zikafifia. Vilipita mkono kwa mkono kwa takriban miaka ishirini, hata vilipochapishwa rasmi mwaka 1996. Lions alifariki mwaka 1998, akiwa amekiona kitabu chake kikitembea mchana.

Mlango mwingine wa elimu hiyo ulikuwa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Thompson, aliyekuwa amesoma hapo, alirudi mwaka 1975 kufundisha kwa mwaka mmoja, akaichukua Unix pamoja naye. Miongoni mwa wanafunzi alikuwapo kijana Bill Joy. Joy na wenzake walianza kutengeneza, kuongeza na kugawa, na mwaka 1978 wakatoa mkusanyiko wao wa kwanza ulioitwa BSD. Joy ndiye aliyeandika «vi», programu ya kuhariri maandishi ambayo mpaka leo inatajwa kwa amri hiyo hiyo ndani ya Mac. Mwaka 1983 Berkeley ilitoa toleo la 4.2, ambalo ndani yake mlikuwa na kanuni za mawasiliano zinazobeba intaneti. Kwa njia hiyo vyuo vingi viliupokea mtandao na Unix katika sahani moja.

Kesi ya mafaili matatu

Penye urithi hapakosi ugomvi. Mwaka 1984 kampuni ya AT&T ilivunjwa vipande kwa amri ya sheria, na yale makatazo ya zamani yakaondoka. Sasa iliweza kuuza kompyuta na programu, na Unix ikageuka mali. Bei ya leseni ikapanda. Watu wa Berkeley nao wakaanza kazi ya kuchosha: kuyaondoa maandishi ya AT&T na kuyaandika yao wenyewe badala yake, faili baada ya faili. Mwaka 1991 walitoa mkusanyiko ambao karibu wote ulikuwa jasho lao.

Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliyomiliki Unix ikaenda mahakamani, ikidai kwamba mali yake imeibwa. Kesi ikaendelea mpaka mwaka 1994, ikaishia kwa sulhu. Na dai hilo kubwa lilipopimwa, likawa dogo: kati ya mafaili yapatayo 18,000, matatu tu ndiyo yaliyoondolewa, na mengine kiasi cha 70 yakaongezwa tangazo la hakimiliki. Watu walikuwa wamegombania nyumba nzima, kumbe kilichokuwa cha mwenyewe ni misumari mitatu.

Kuna tawi jingine ambalo hatuna budi kulitaja. Wakati mahakama ikisikiliza mabishano hayo, mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alikuwa ameshaanza kuandika Linux tangu mwaka 1991. Linux haikuchukua mstari hata mmoja wa Bell Labs. Haikuzaliwa na Unix kwa damu, ila imelelewa kwa adabu zake. Nayo ilisaidiwa na Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983 kwa nia ya kutengeneza mfumo ulio huru kwa watu wote. Leo simu za Android, ambazo ndizo zilizoenea mikononi mwa watu hapa kwetu, zina kiini cha Linux ndani yake.

Apple yaenda mrama

Wakati vyuo vikijenga mkuku, Apple ilikuwa ikipaka rangi, na haki ya Mungu ilijua kupaka. Kompyuta ya Macintosh iliyotoka Januari 1984 ilikuwa nzuri kuliko zote zilizouzwa kwa watu wa kawaida. Ilikuwa na madirisha, picha na kipanya, wakati wengine wangali wakiandika amri kwenye kioo cheusi. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja afanye jambo moja kwa wakati mmoja, na kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128 tu. Hapakuwa na ukuta baina ya programu na programu.

Kadiri miaka ilivyopita, watu walitaka kuendesha programu nyingi pamoja, na hapo ndipo manahodha walipoanza kugombana. Programu moja ikikosea, kompyuta yote iliganda, na mara nyingi picha ya bomu ilitokea kwenye kioo. Mwenye kazi aliyoiandika tangu asubuhi bila ya kuihifadhi aliipoteza. Apple iliahidi mfumo mpya ulioitwa Copland, ikatumia miaka na fedha, na mwaka 1996 ikauacha. Wateja walikuwa wakikimbia na hasara ikiongezeka.

Wokovu ulitoka mahali pasipotarajiwa. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alikuwa ameiacha kampuni hiyo mwaka 1985 baada ya kushindwa katika ugomvi wa madaraka. Akaanzisha kampuni nyingine, NeXT. Kompyuta yake, aliyoionyesha mwaka 1988, ilikuwa ghali na wanunuzi wake walikuwa wachache. Lakini mfumo wake endeshi, NeXTSTEP, ulijengwa juu ya msingi wa kweli. Chini kabisa mlikuwa na Mach, kiini kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon chini ya Richard Rashid kuanzia mwaka 1985, na pamoja nacho Unix ya Berkeley. Mmoja wa wanafunzi waliokijenga kiini hicho, Avie Tevanian, aliajiriwa na Jobs. Na kwa kompyuta ya NeXT ndipo Tim Berners-Lee, katika kituo cha CERN huko Uswisi, alipoitengeneza Wavuti mwaka 1990.

Desemba 1996 Apple ikatangaza kwamba inainunua NeXT kwa zaidi ya dola milioni 400. Jobs akarudi alikotoka, Tevanian akapewa usimamizi wa programu, na kazi ya kuutia mkuku wa Unix ndani ya Macintosh ikaanza. Haikuwa nyepesi. Watu waliokuwa na programu za zamani walihofia kwamba zitakufa, ikabidi watengenezewe chumba maalumu ndani ya mfumo mpya ambamo za zamani ziliendelea kuishi kwa muda. Tarehe 24 Machi 2001 mfumo wa Mac OS X ukauzwa madukani. Mwaka huo huo Jordan Hubbard, mmoja wa waanzilishi wa FreeBSD, ambayo ni tawi la Berkeley, naye akajiunga na Apple. Tangu mwaka 2016 mfumo huo huitwa macOS.

Uso ulikuwa mpya, uking'aa kama tone la maji. Chini yake programu ikianguka, iliangukia chumbani mwake peke yake, na chombo kikaendelea na safari.

Hati ya ukoo

Hapa pana kichekesho ambacho wapenda nasaba watakifurahia. Kiini cha Mac huitwa XNU, na herufi hizo ni ufupisho wa Kiingereza wenye maana ya kwamba X si Unix. Mwana anamkana baba kwa jina lake mwenyewe! Wala jina la Unix halikuwa la kila mtu kulitumia, kwani ni alama ya biashara inayomilikiwa na shirika la The Open Group, na matumizi yake yalizua mgogoro baina ya shirika hilo na Apple. Mwishowe Apple ikaona bora kupita mlangoni. Toleo liitwalo Leopard, lililotoka Oktoba 2007, lilipimwa na kupewa hati rasmi kwamba ni Unix. Basi aliyejiita si Unix akapewa cheti cha Unix, wakati Linux, yenye adabu zote za ukoo, kwa kawaida haina cheti hicho.

Kuna wanaosema kwamba nasaba hii imetiwa chumvi. Wanasema madirisha na picha za Mac hazikutoka Bell Labs, na kwamba mtumiaji wa kawaida anaweza kuzeeka bila ya kuandika amri hata moja. Ni kweli. Lakini abiria naye anaweza kusafiri toka Lamu hadi Mombasa bila ya kuuona mkuku, na safari ikawa imeutegemea huo huo.

Swali zito zaidi ni la haki. Leseni ya Berkeley ilikuwa ya ukarimu mno: chukua, tumia, geuza, hata uze ukitaka, mradi uache majina ya waliotangulia. Stallman aliweka sharti jingine, kwamba anayekigeuza kitu cha bure na kukigawa, naye akitoe kwa masharti yale yale. Apple imeegemea zaidi upande wa Berkeley. Sehemu ya chini ya mfumo wake, iitwayo Darwin, imeachwa wazi kwa wasomaji tangu mwaka 1999, lakini uso wake wa thamani umefungwa. Masharti ya GNU yalipozidi kukazwa mwaka 2007, Apple ilibaki na toleo la zamani la bash, ile programu ya kupokelea amri, na mwaka 2019 ikaweka nyingine iitwayo zsh mahali pake. Wako wanaoona kwamba kampuni tajiri imekula karamu ya vyuo ikafunga mlango wa jikoni. Wako wanaojibu kwamba waliopika walisema karibuni nyote, na aliyekaribishwa hakuiba. Hoja zote mbili zina uzito, ila hakuna anayebisha kwamba karamu ilikuwapo kwa sababu wapishi hawakuificha.

Mlango uko wazi

Mwenye Mac anaweza kuushuhudia ukale huu mwenyewe. Ndani ya folda ya programu za huduma mna programu iitwayo Terminal. Akiifungua, ule urembo wote huondoka, kikabaki kidirisha cha maandishi tu. Akiandika «ls» ataona mafaili yake, kama walivyoyaona wale wa Murray Hill. Akiandika «man ls» ataletewa mwongozo wa amri hiyo, wenye mpangilio wa ule wa mwaka 1971. Akiandika «cal 9 1752» ataonyeshwa Septemba ya ajabu, inayotoka tarehe 2 ikarukia tarehe 14. Sisi tuliozoea kungoja mwandamo hatushangai kwamba kalenda ina mambo yake. Siku hizo 11 ziliondolewa na Waingereza walipobadili hesabu yao ya mwaka, na wazee wa Unix wakaona si vyema historia ipotee.

Hata saa yake ni ya kale. Kompyuta hiyo, mpaka ndani kabisa, huhesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Na wanaoandika programu za Mac mpaka leo hukutana na majina yanayoanza kwa herufi NS, alama ya NeXTSTEP, kampuni yake ikiwa imekwisha kumezwa zamani. Simu ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, nayo ni mtoto wa tumbo hilo hilo.

Oktoba 2011 walifariki watu wawili. Steve Jobs alifariki tarehe 5, na dunia nzima ikatangaza msiba. Watu waliweka maua mbele ya maduka ya Apple. Siku chache baadaye zikaja habari kwamba Dennis Ritchie amekutwa amefariki nyumbani kwake New Jersey. Magazeti mengi hayakumpa ukurasa wa mbele, ingawa yeye na Thompson walikuwa wamepewa Tuzo ya Turing, iliyo kuu katika fani ya kompyuta, tangu mwaka 1983. Kila simu iliyotumwa kuomboleza kifo cha Jobs ilikuwa na kazi ya Ritchie ndani yake.

Hatusemi hivi kumpunguzia Jobs heshima. Aliyejua kuuvika mkuku mzuri ubavu mzuri ana sifa yake. Tunalosema ni kwamba vijana wetu wanaosoma kompyuta katika skuli na vyuo vya mwambao wasiishie kwenye kujua kubonyeza picha. Maandishi ya Darwin, ya FreeBSD na ya Linux yako wazi kwa anayetaka kuyasoma, hayahitaji idhini ya mtu, na sharhe ya Lions imekwisha kuchapishwa. Mwalimu mmoja mwenye subira na kompyuta moja kuukuu anatosha kuanzisha darasa. Thompson naye alianza na kuukuu.